Jinsi Deus Ex Ilivyomwachia Mchezaji Hatamu

Mchezaji wa Deus Ex akisogelea mlango uliofungwa, kijisanduku hutokea kwenye skrini kikiwa na vipimo viwili: uimara wa kufuli na uimara wa mlango wenyewe. Kufuli la asilimia 10 huchokolewa likafunguka mara moja. Lililo gumu zaidi hula vyuma vingi vya kuchokolea, hasa kama mchezaji hakuwekeza pointi zake katika ujuzi huo. Mlango dhaifu huvunjika kwa kupigwa, ulio imara hutaka bomu. Na huenda ufunguo uko mfukoni mwa mlinzi, au msimbo umeandikwa kwenye barua pepe ya mfanyakazi mzembe, au kuna njia ya hewa inayotokea upande wa pili. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mlango huu ni wa mwizi na ule ni wa askari. Mlango umepewa tabia zake, yaliyobaki ni ya mchezaji.

Mchezo huu wa kompyuta ulitoka Juni 2000, kazi ya tawi la kampuni ya Ion Storm lililokuwa Austin, Texas. Kiongozi wa mradi alikuwa Warren Spector, na mbunifu mkuu Harvey Smith. Waliujenga juu ya mitambo ya Unreal, programu iliyozaliwa kwa ajili ya michezo ya kufyatua risasi. Kwa sura haukuwa mrembo hata wakati ule: nyuso kavu, mwendo wa kukakamaa, vyumba vya pembe kali. Bado unachezwa, na sababu zake zimo katika namna ulivyoundwa.

Hadithi inaanza mwaka 2052. Tauni iitwayo Kifo cha Kijivu inaua watu, na dawa yake, Ambrosia, ni adimu na inawafikia wakubwa kwanza. JC Denton, kijana ambaye mwili wake umetiwa mitambo midogo isiyoonekana kwa macho, ni wakala mpya wa UNATCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kupambana na ugaidi. Halafu inakuja safu nzima ya njama zilizokuwa gumzo Marekani miaka ya 1990: Illuminati, Majestic 12, Area 51. Kuzirundika njama hizo mahali pamoja si kazi ngumu. Kazi ngumu, na hapa ndipo sifa kubwa inapostahili, ilikuwa kumfanya mchezaji aanze kushuku kwa matendo yake mwenyewe.

Tazama misheni ya kwanza, kwenye kisiwa cha Sanamu ya Uhuru, New York. Paul, kaka yake JC, anampa nafasi ya kuchagua silaha moja kati ya tatu: mzinga wa roketi, bunduki ya mdunguaji au upinde mdogo wa kufyatulia mishale. Magaidi wameishika sanamu. Mchezaji anaweza kuingia kwa lango la mbele, na kuna mtu gatini mwenye ufunguo wake, au akazunguka nyuma na kupanda juu ya makasha. Anaweza pia kuimaliza kazi yote bila kuua mtu.

Kilichowezesha hilo ni uamuzi unaoonekana mdogo. Pointi za kuongeza ujuzi hutolewa kwa kufikia malengo na kwa kugundua sehemu zilizofichika, wala hazitolewi kwa kila adui anayeanguka. Mahali ambapo mauaji yanalipa, wachezaji wataua tu. Hapa anayenyata gizani hapunjwi, na kwa hiyo swali la kuua au kutoua linabaki kuwa la dhamira.

Mchezo nao unakumbuka. Waundaji walitengeneza programu yao maalumu ya kuandikia mazungumzo, na ndani yake kila tukio muhimu linaweza kuwekewa alama: fulani amekufa, fulani ameokolewa. Alama hizo hupewa muda, nyingine zikifutika baada ya misheni kadhaa ili kumbukumbu isijae takataka. Mhusika akifungua kinywa, mazungumzo yake hukagua alama kwanza. Ndiyo maana Sam Carter, mtunza silaha wa makao makuu, humpokea kwa maneno tofauti mchezaji aliyeua ovyo na yule aliyejizuia. Ndiyo maana pia JC akiingia choo cha wanawake pale ofisini, bosi wake Manderley atamkaripia baadaye. Mbinu yenyewe ni nyepesi mno, lakini karipio hilo dogo linamfundisha mchezaji kwamba anaangaliwa, na hakuna somo linalofaa zaidi katika mchezo unaohusu njama.

Somo hilo linaiva ndani ya ndege. JC anamkuta kiongozi wa waasi, Lebedev, amekwisha kujisalimisha. Wakala mwenzake, Anna Navarre, anaamuru auawe. Mchezaji anaweza kutii, anaweza kusita na Anna akaimaliza kazi mwenyewe, au anaweza kumgeuzia Anna bunduki. Hakuna orodha ya majibu inayojitokeza kwenye skrini. Kuna bunduki mkononi na sekunde chache. Baadaye, hotelini, askari wanapovamia, Paul anamsihi mdogo wake atoroke dirishani. Anayemtii anampoteza kaka. Anayebaki, akapigana na kutokea mlangoni, atamkuta Paul yu hai. Wengi waliumaliza mchezo bila kujua kwamba Paul angeweza kuokolewa.

Kanuni zikiachwa zikutane zenyewe huzaa hata yasiyopangwa. Mabomu ya kubandika ukutani yalikuwa na umbo gumu, basi wachezaji wakayafanya vidato vya kupandia kuta ambazo wabunifu hawakutarajia zipandwe.

Udhaifu upo, nao uko mwishoni. Area 51 inatoa hatima tatu, lakini zote ziko wazi hadi dakika za mwisho kwa kila mchezaji, awe ameishi kama muuaji au kama mpole. Kumbukumbu iliyotunzwa kwa uangalifu tangu kisiwani inakosa neno pale uamuzi mkubwa kuliko yote unapofanywa.

Hata hivyo ugumu wa kuiga kazi hii ulionekana mwaka 2011, Eidos Montréal ilipotoa Human Revolution. Katika mchezo wa kwanza Anna anaweza kumalizwa bila risasi, kwa neno la siri ambalo mchezaji hulipata kwa kuchunguza makao makuu. Mrithi wake aliwafungia wachezaji ndani ya kumbi na maadui wakubwa waliotaka kupigwa risasi tu, na aliyewekeza kila kitu katika udukuzi akajikuta mikono mitupu. Malalamiko yakawa mengi, na toleo lililorekebishwa la 2013 likazipanga upya kumbi hizo, likiweka kompyuta na mitambo ya kudukuliwa ili mdukuzi naye apate pa kushika.