Kocha wa Viungo na Ufundi wa Kupima Uchovu

Mapigano ya mchanganyiko, yaani mchezo unaoruhusu ngumi, mateke, mieleka na kabali katika pambano moja, na ambao mashabiki wengi wanaujua zaidi kwa herufi zake tatu, MMA, humtaka mtu mmoja awe na miili kadhaa kwa wakati mmoja. Mpiga ngumi huhitaji misuli inayofyatuka haraka na kulegea haraka. Mwanamieleka huhitaji mgongo, nyonga na vidole vya kushikilia mzigo usiotaka kushikwa. Na yeyote anayetaka kufika raundi ya mwisho akiwa na akili zake timamu huhitaji moyo na mapafu yanayokaribia yale ya mkimbiaji wa masafa ya kati. Kocha wa ngumi hufundisha ngumi, kocha wa mieleka hufundisha mieleka, na kila mmoja wao huiona fani yake kuwa ndiyo pambano lenyewe. Kazi ya kupatanisha madai hayo yote ndani ya mwili mmoja huachiwa kocha wa viungo, mtu ambaye ni nadra kutajwa bingwa anapofungwa mkanda kiunoni, na ambaye watu wengi bado humdhania kuwa ni msimamizi wa pushapu.

Kazi yake, kwa kiasi kikubwa, imezaliwa na saa. Katika miaka ya mwanzo ya mchezo huu baadhi ya mapambano hayakuwa na kikomo cha muda, na mpiganaji aliyejua kulala chali na kungoja aliweza kuifanya subira kuwa silaha yake kuu. Kilele cha zama hizo kilionekana tarehe 1 Mei 2000 katika ukumbi wa Tokyo Dome nchini Japani, ambako Kazushi Sakuraba na Royce Gracie walipigana raundi sita za dakika 15 kila moja, yaani dakika 90, mpaka upande wa Gracie ukarusha taulo. Na usiku huohuo Sakuraba alirudi ulingoni na kupambana kwa dakika 15 nyingine na Igor Vovchanchyn, mtu mzito kuliko yeye, kabla ya watu wa kona yake kuamua kwamba imetosha. Mwishoni mwa mwaka huo kanuni za pamoja zilianza kutumika katika jimbo la New Jersey, Marekani, nazo ndizo zilizoweka utaratibu unaofuatwa leo katika sehemu nyingi: raundi tatu za dakika tano, au raundi tano ikiwa ubingwa unagombewa, pamoja na dakika moja ya mapumziko baada ya kila raundi. Dakika 15 au 25 ni muda wenye inda, kwa sababu ni mfupi mno kwa anayetaka kwenda pole na ni mrefu mno kwa anayetaka kutumia nguvu zake zote tangu kengele ya kwanza.

Ili kuelewa inda hiyo, ni lazima kueleza namna msuli unavyopata nguvu, na njia zenyewe ni tatu. Ya kwanza hutegemea kreatini fosfeti, kemikali iliyohifadhiwa ndani ya msuli wenyewe, ambayo hutoa nguvu nyingi papo hapo lakini hukauka baada ya takribani sekunde kumi za jitihada kamili; ngumi ya ghafla na mruko wa kumwangusha mpinzani hulipiwa kutoka mfuko huu. Ya pili huvunja glaikojeni, yaani sukari iliyowekwa akiba msulini, bila kusubiri oksijeni, nayo huweza kubeba kazi kali kwa dakika moja au mbili huku ikiuacha msuli ukiwaka na kuwa mzito. Ya tatu hutumia oksijeni, ni ya taratibu, na huweza kuendelea kwa saa nyingi. Kwa kuwa mapambano huamuliwa na matendo ya ghafla, wengi hudhani kwamba njia hii ya tatu ni ya wakimbiaji wa marathoni peke yao, na dhana hiyo imewagharimu wapiganaji wengi, kwa sababu kreatini fosfeti iliyotumika hurudishwa kwa msaada wa oksijeni. Mwenye moyo unaosukuma damu nyingi kwa kila pigo, na mishipa midogo iliyosambaa vizuri msulini, huujaza tena mfuko wa kwanza upesi kuliko mwenzake, na ngumi yake ya dakika ya 14 huwa bado ni ndugu wa ngumi ya dakika ya kwanza. Ndiyo maana kocha anayeijua kazi hutumia majuma mengi ya mwanzo kwa mazoezi yasiyovutia macho wala kamera: kukimbia mwendo wa wastani, kuendesha baiskeli, kuruka kamba kwa kasi ambayo mtu bado anaweza kusema sentensi nzima bila kuikata.

Francis Ngannou wa Kamerun anafaa kutazamwa kwa makini katika suala hili, kwa kuwa hakuna aliyewahi kutilia shaka nguvu zake. Alikulia Batié, ambako tangu utotoni alichimba mchanga kwa malipo, na baadaye akawa miongoni mwa watu wanaoogopwa zaidi kwa ngumi katika uzito wa juu. Tarehe 20 Januari 2018, mjini Boston, alipigania ubingwa dhidi ya Stipe Miocic, akamwaga karibu kila alichokuwa nacho katika raundi ya kwanza akisaka ngumi moja ya kumaliza kazi, kisha akapitisha raundi nne akihema kwa mdomo wazi, mikono ikishuka, huku mpinzani wake akimbana kwenye wavu wa kizimba na kumwangusha tena na tena. Majaji wote watatu walimpa Miocic ushindi wa 50 kwa 44. Walipokutana tena Las Vegas tarehe 27 Machi 2021, Ngannou alikuwa mtulivu, alizuia jaribio la kuangushwa, alichagua lini apige na lini angoje, na pambano likaisha katika raundi ya pili. Wapo wanaosema kwamba alikuwa amepata pumzi mpya, lakini pambano lenyewe liliisha mapema mno kuithibitisha kauli hiyo. Lililoonekana bayana ni namna alivyotumia nguvu zake, na hilo nalo ni sehemu ya maandalizi ya viungo, kwa sababu mpiganaji asiyejua gharama ya kila tendo lake hataokolewa na ukubwa wa akiba yake.

Kocha, hata hivyo, hawezi kuongeza kila kitu kwa pamoja. Mwaka 1980 mtafiti wa Marekani Robert Hickson alichapisha matokeo ya jaribio la majuma kumi ambamo kundi moja lilinyanyua vyuma, jingine lilifanya mazoezi ya stamina, na la tatu lilifanya yote mawili. Nguvu za kundi la tatu zilipanda sawia na za kundi la kwanza kwa takribani majuma saba, kisha zikasimama, na mwishoni zikaanza kushuka. Tafiti za baadaye zimelainisha hitimisho hilo kwa kuonyesha kwamba mengi hutegemea wingi na mpangilio wa kazi, lakini somo lake kwa kocha limebaki: mwili huandaliwa kutoka chungu kimoja cha uwezo wa kupona. Na mpiganaji huingia katika chumba cha vyuma akiwa tayari amechota sana humo, kwa kuwa asubuhi alishindana mieleka na jioni atavaa glavu. Kocha mpya huona kwamba amepewa saa moja na lazima aijaze; kocha mzoefu huona kwamba amepewa masalio.

Kipindi kizuri cha nguvu humshangaza mgeni kwa uchache wa yaliyomo. Mpiganaji hunyanyua chuma kizito kutoka sakafuni mara tatu, si kumi, kisha hupumzika dakika tatu nzima, na aliyezoea kuona jasho huenda akadhani kwamba wanapoteza muda. Kocha husimama ubavuni kwake na kutazama mambo mawili. La kwanza ni kama makalio yanatangulia kupanda kabla ya mabega, dalili kwamba mgongo umeanza kufanya kazi iliyokuwa ya miguu. La pili ni mwendo wa chuma chenyewe, kwa kuwa chuma kinachopanda polepole kuliko kilivyopanda juzi, kwa uzito uleule, humwambia kwamba mtu huyu amelala vibaya au jana amepigwa sana, hata akiapa kwamba yuko fiti. Kocha wa namna hiyo hufuta seti mbili zilizobaki na kumruhusu aende zake. Tendo hilo dogo la kufuta lina thamani kuliko mazoezi mengi yanayosambazwa kwa picha, na pengine ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa mpiganaji hulipia kazi na huona haya kulipia mapumziko.

Uhusiano wa nguvu na pigo nao umezungukwa na imani zisizo na msingi. Ipo desturi kongwe ya kurusha ngumi hewani huku mkono umeshika kichuma, na wanaoifuata huamini kwamba wanaipa ngumi uzito, ilhali mvutano wa dunia hukivuta kichuma chini na ngumi husafiri mbele, kwa hiyo bega hujifunza kuzuia kichuma kisianguke, kazi ambayo haipo ulingoni. Zoezi lenye maana zaidi ni kurusha mpira mzito ukutani kwa kuanzia nyonga, kwani hufundisha nguvu kutoka ardhini, kupita mguu wa nyuma na kiwiliwili, hadi mkononi. Stuart McGill na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada walipima mwaka 2010 umeme wa misuli ya wapiganaji wa kiwango cha juu walipokuwa wakipiga, wakaona kwamba msuli hukaza mara mbili: kwanza pigo linapoanzishwa, kisha hulegea wakati mkono au mguu uko safarini, na hukaza tena wakati wa kugusa shabaha, ili mwili mzima usimame nyuma ya pigo kama kitu kimoja. Katikati ya mikazo hiyo miwili ndiko kasi inakopatikana, na kulegea huko hufundishika. Mpiganaji aliyechoka au mwenye hofu hukaza mfululizo, pigo lake likawa zito bila kuwa la haraka, na kocha anayemjazia misuli bila kumfundisha kulegea humwongezea tatizo alilokuja nalo.

Vifaa havina nafasi kubwa katika habari hii. Fedor Emelianenko, aliyetawala uzito wa juu wa dunia katika miaka ya 2000, alijulikana kwa kupiga tairi kwa nyundo na kukimbia katika mazingira ya mji wake wa Stary Oskol nchini Urusi, na Abdulmanap Nurmagomedov alimlea mwanawe Khabib, aliyestaafu mwaka 2020 akiwa na ushindi 29 bila kupoteza pambano, kwa mieleka na milima ya Dagestan. Wanaonunua nyundo kwa kuwaiga hao huchukua kisichokuwa siri na kuacha kilichokuwa siri, yaani miaka mingi ya mpangilio usiokatizwa.

Mazingira, kwa upande mwingine, hayawezi kupuuzwa, na msomaji wa Afrika Mashariki analijua hilo tangu Olimpiki ya Mexico ya mwaka 1968, wakati Naftali Temu alipotwaa dhahabu ya mita 10,000 na Kipchoge Keino ile ya mita 1,500 katika mji ulio mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, wote wawili wakiwa wana wa nyanda za juu za Kenya. Hewa ya huko ina asilimia ileile ya oksijeni, ila kanieneo yake ni takribani robo tatu ya ile ya pwani, hivyo kila pumzi huingiza kidogo. Tarehe 13 Juni 2015 Cain Velasquez, bingwa aliyesifika kwa stamina kuliko mtu yeyote wa uzito wake, alikutana katika mji huohuo na Fabricio Werdum. Velasquez alifika zikiwa zimebaki kama wiki mbili. Werdum alikuwa ameweka kambi ndefu katika milima ya Mexico. Bingwa alianza kwa kasi yake ya kawaida, ile iliyowavunja wengi, na kufikia raundi ya pili kasi hiyo ilikuwa inamvunja yeye. Katika raundi ya tatu alijitupa miguuni mwa Werdum, akatiwa kabali, akasalimu amri. Ni haki kuongeza kwamba hakuwa amepigana tangu Oktoba 2013 kwa sababu ya majeraha, na kutokuwepo ulingoni kwa muda huo kuna uzito wake. Hata hivyo, mwili huhitaji majuma kadhaa kuongeza chembe nyekundu za damu, na hakuna ushujaa unaofupisha kalenda hiyo.

Siku kumi za mwisho kabla ya pambano ndizo zinazomwonyesha kocha kamili. Wingi wa kazi hupunguzwa sana huku ukali wake ukibakizwa, ili uchovu uondoke bila kuondoka na uwezo. Wakati huohuo huja kupunguza uzito, desturi ya kutoa kilo kadhaa za maji mwilini kwa maji ya moto na chumba cha joto ili kufikia kipimo, kisha kuyarudisha katika saa 24 hadi 36 zinazofuata. Damu iliyopoteza maji hupungua ujazo, moyo hulazimika kupiga mara nyingi zaidi kwa kazi ileile, na miezi ya kukimbia taratibu inaweza kufutwa kwa alasiri moja. Desemba 2015 mpiganaji kijana kutoka China alifariki mjini Manila katika harakati hizo, na waandaaji wa mashindano ya ONE Championship wakabadilisha kanuni zao kwa kuanza kupima mkojo ili kuhakikisha kwamba anayepimwa uzito hajajikausha. Waandaaji wengine wengi hawajafuata.

Usiku wa pambano kocha wa viungo kwa kawaida hana la kusema, kwa kuwa kona ni ya makocha wa ufundi. Lakini katika ile dakika moja ya mapumziko kuna kipimo ambacho yeye hukitazama kuliko kadi za majaji: ni sekunde ngapi hupita tangu mpiganaji akae kwenye kigoda hadi kifua chake kitulie kiasi cha yeye kuweza kusikia, kuelewa na kujibu anachoambiwa na kocha wa ngumi.