CD ya Rumba Hupimwa Kabla ya Kulipiwa

Sokoni Mbugangari, si mbali na Petite Barrière, mnunuzi wa CD za muziki wa Kongo kwa kawaida huanza na kasha. Akiona picha ya Franco na jina la OK Jazz, anauliza bei. Mimi naona mambo yamepinduliwa. Karatasi ya kasha ndiyo kitu rahisi kuigiza kuliko vyote. Printa ya kawaida inaitoa kwa dakika moja. Ushahidi uko kwenye diski yenyewe, mahali pawili: upande wa chini unaong'aa, na pete nyembamba inayozunguka tundu la katikati. Mtu anayejua kusoma sehemu hizo anaweza kusema, kabla hajasikia noti hata moja, kama diski ilitoka kiwandani au ilichomwa kwenye kompyuta ya mtu.

Nalisisitiza hili kwa sababu mpaka wetu ni mahali pa bahati kwa mkusanyaji. Muziki ulirekodiwa Kinshasa, ukahamishiwa kwenye CD Paris, Brussels na London, kisha ukarudi Goma na Gisenyi ndani ya masanduku ya watu waliopita Matonge ya Brussels au Château Rouge ya Paris. Nakala za magendo nazo zilikuwa na njia zake. Leo muziki umehamia kwenye simu na fleshi, CD zimekuwa caguwa, yaani mitumba, kama vitu vingine, na kwenye rundo moja orijino hulala juu ya nakala.

Anza na rangi. Diski ya kiwandani hukandamizwa: plastiki ya polikaboneti iliyoyeyushwa huingizwa kwenye kalibu, vishimo vidogo mno vinavyobeba muziki vikajichora juu yake, kisha hupakwa utando wa alumini, vanishi, na mwisho maandishi ya lebo. Ndiyo maana chini yake ni fedha tupu. Diski ya kuchoma nyumbani haina vishimo; ina tabaka la rangi ya kikemikali ambalo leza huliunguza. Tabaka hilo huonekana kwa macho: kijani, buluu iliyokolea, au manjano hafifu. Mwombe muuzaji kwa adabu, "Mama, naomba niitazame hapo nje," uipeleke juani, maana chini ya turubai manjano hafifu hufanana kabisa na fedha. Rangi hizi hufifia kwa mwanga na joto. CD iliyochomwa mwaka 2005 na kukaa mezani juani inaweza kupiga wimbo wa kwanza vizuri na kukwama kwenye wa nane.

Ukiwa bado juani, inua diski usawa wa macho, uitazame kama dirisha. Ukiona matobo madogo ya mwanga, alumini imeliwa, na hapo hakuna dawa. Kingo zilizogeuka rangi ya shaba ni dalili nyingine mbaya. Ugonjwa huo ulizipata diski nyingi zilizotoka kwenye kiwanda cha PDO cha Blackburn, Uingereza, kati ya 1988 na 1993. Tazama pia tundu la katikati. Ufa mdogo unaoanzia pale huendelea kurefuka kila diski inapozungushwa, na kwenye kompyuta yenye kasi kubwa inaweza kupasuka vipande.

Kisha pete. Inamisha diski taratibu mpaka mwanga uliguse eneo hilo. Utaona namba ya orodha ya lebo, pengine na jina la kiwanda. Herufi MPO zina maana kwamba ilikandamizwa na kampuni ya MPO, yenye makao yake Mayenne, magharibi mwa Ufaransa. Kuanzia 1994 viwanda vilianza kuweka pia misimbo ya IFPI, shirikisho la kimataifa la kampuni za kurekodi: mmoja unaoanza kwa herufi L, unaotaja mahali diski mama ilipotengenezwa, na mwingine wa kalibu, wenye herufi ndogo sana karibu na tundu. Kukosekana kwa IFPI peke yake si hukumu. CD iliyokandamizwa mwaka 1990 haiwezi kuwa na alama iliyoanza 1994. Lakini Solola Bien ya Werrason ni ya 1999, Effrakata ya Koffi Olomide ni ya 2001; ukishika mojawapo, ni ya fedha, na hakuna IFPI popote, jihadhari. Wachapaji wa magendo nao walikuwa na mashine za kukandamiza, na walikuwa na kila sababu ya kutoacha alama. Linganisha namba ya pete na namba ya mgongo wa kasha. Zikipishana, diski na kasha vilikutanishwa ukubwani.

Sasa sauti, na hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwa sababu CD ya rumba ya zamani ina historia ya mikono mingi ndani yake.

OK Jazz ilianza mwaka 1956, na kwa miaka mingi nyimbo zake zilitoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja wa santuri hiyo hubeba dakika tano hivi. Wimbo wenye maneno marefu na sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, haukutosha, basi ukakatwa: maneno upande A, sauti ikafifishwa, sebene upande B. Bendi za Wanyika na Mazembe kule Nairobi zilitoa nyimbo zao kwa mtindo huohuo. Muziki huu ulipoanza kuhamishiwa kwenye CD, fundi alikuwa na maamuzi mawili mazito mbele yake. Atumie chanzo gani, tepu ya studio au santuri iliyobaki kwa mtu? Na pale wimbo ulipokatwa, aunganishe au auache ulivyo?

Uamuzi wa kwanza unaugundua kwa sikio. Vaa vipokea sauti vya masikioni, nenda mwisho wa wimbo, pale muziki unaposhuka. Kinachobaki chini yake ndicho chanzo. Ukisikia mvumo laini usiokatika, ni tepu. Ukisikia vichomi vidogo, tk, tk, vinavyorudi kwa mpigo ulio sawa, ni santuri, na unaweza hata kuipima: mzunguko mmoja wa santuri ya 45 huchukua sekunde moja na theluthi, kwa hiyo mkwaruzo uleule hurudi kila baada ya muda huo. Fundi mwingine huvifuta vichomi kwa programu. Akizidisha, marakasi na matoazi huanza kusikika kama yako chini ya maji. Mimi nachagua vichomi.

Uamuzi wa pili unahitaji usikivu zaidi. Sindano ya santuri huanzia ukingoni kwenda katikati. Kadiri inavyokaribia katikati, mfereji hupita chini yake polepole zaidi, na sauti za juu huanza kuharibika. Mwishoni mwa upande A utasikia herufi "s" za mwimbaji zikikwaruza. Upande B unaanza ukingoni upya, na sauti ni safi. Kwa hiyo kwenye CD iliyounganishwa kutoka santuri, sebene inapoingia gitaa la solo hung'aa ghafla, kama mtu aliyefungua pazia. CD yenyewe haina tabia hiyo: leza yake huanzia ndani kwenda nje, na mota hupunguza mwendo kutoka mizunguko 500 hivi kwa dakika hadi 200, ili njia ya muziki ipite kwa kasi ileile mwanzo hadi mwisho. Mng'ao ule ni alama ya santuri iliyogeuzwa. Fundi mzuri husawazisha pande mbili kabla ya kuunganisha, na humalizia kiungo chake juu ya pigo la ngoma ili mguu wa mchezaji usikose. Fundi mwenye haraka huacha sauti ife, kimya kidogo, kisha sebene inaanza kana kwamba ni wimbo mwingine.

Kazi kubwa kuliko zote kwa wingi ilifanywa na Sonodisc ya Paris, kampuni ambayo haipo tena. CD zake za OK Jazz na Tabu Ley Rochereau ni mfululizo mrefu, namba nyingi zikianza na 365, na ndizo utakazozikuta zaidi upande wetu. Kijitabu mara nyingi ni karatasi moja iliyokunjwa, majina ya wanamuziki ni machache, na viungo havikushughulikiwa kwa uangalifu mmoja. Stern's ya London ilikuja baadaye na njia tofauti. The Voice of Lightness ya Tabu Ley Rochereau ilitoka 2007. Francophonic, ya Franco, juzuu la kwanza 2008 na la pili 2009, kila moja diski mbili. Ken Braun alizipanga nyimbo kwa mwendo wa miaka, kuanzia Franco kijana wa 1953 hadi mwaka aliofariki, 1989, na akaandika maelezo marefu ya kila kipindi. Ukiwa na fedha ya kununua moja tu, nunua Francophonic. Ila usiidharau Sonodisc: mamia ya nyimbo ilizoziweka hazimo kwenye mikusanyo ya Stern's, na nyingine sijaziona kwenye CD nyingine yoyote.

Kuhusu diski za MP3 zenye maandishi "nyimbo 150", hesabu ya darasani inatosha. CD hubeba megabaiti 700. Nyimbo 150 za rumba, kila moja dakika saba, ni saa 17 na nusu. Gawanya, utapata takriban kilobiti 90 kwa sekunde, wakati CD ya muziki hutumia 1,411. Karibu sehemu moja ya 16 ndiyo iliyobaki. Hatari zaidi ni faili hizo kuchomwa tena kama CD ya kawaida, yenye nyimbo kumi na kasha zuri. Macho yatakuonyesha kwamba ilichomwa, lakini hayawezi kukuambia ilitoka kwenye faili gani. Ifungue kwenye programu ya Audacity, tazama mchoro wa masafa: ukikuta sauti zote zimekatwa kwa mstari ulionyooka karibu na kilohezi 16, ilitoka kwenye MP3.

Kuna hasara nyingine inayoniuma kuliko ya sauti. Diski hizo huandika "Franco" kila mahali. Mabele ya 1974 ilitungwa na Simaro Lutumba na kuimbwa na Sam Mangwana. Kwenye rundo la MP3 wote wawili wamepotea. OK Jazz ilikuwa na watunzi wengi, na kijitabu, hata kile kibovu cha karatasi moja, huweka jina la mtunzi kwenye mabano baada ya wimbo. Kwa hiyo mimi hulipa zaidi kwa diski iliyo na kijitabu bila kasha kuliko diski yenye kasha bila kijitabu. Kasha tupu hupatikana popote.

Mikwaruzo huwatisha watu kupita kiasi. Data ya CD hutawanywa makusudi, kiasi kwamba muziki wa nukta moja ya wakati hauko mahali pamoja kwenye diski. Mashine hukamilisha pengo la kama milimita mbili na nusu kwenye njia bila sikio kujua. Mkwaruzo unaotoka katikati kwenda nje hukata kila mzunguko kidogo tu, hivyo hausumbui. Unaofuata duara ndio mbaya, kwa kuwa unakula njia ileile kwa urefu. Mbaya zaidi ni mkwaruzo wa juu, upande wa maandishi: pale alumini imefunikwa na vanishi nyembamba tu. Usibandue stika ya bei iliyobandikwa upande huo. Itaondoka na muziki. Na vumbi la huku, lenye chembe za miamba ya Nyiragongo, lisipanguswe likiwa kavu. Lipulize, suuza diski kwa maji safi na tone la sabuni ya vyombo, kausha kwa kitambaa cha pamba kutoka katikati kwenda nje.

Ukifika nyumbani, inakili mara moja kwa programu ya Exact Audio Copy, ambayo husoma tena na tena mahali penye shaka na kukuandikia palipokataa. Hifadhi kwa muundo wa FLAC, piga picha kijitabu na pete.

Kuna CD mbili ninazowashauri watu wa hapa wazitafute kwa bidii. Ya kwanza ni Virunga Volcano ya Samba Mapangala na Orchestra Virunga, iliyotolewa na Earthworks ya London mwaka 1990, kazi iliyorekodiwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980 na bendi yenye jina la milima tunayoiona tukitoka nje. Ya pili ni Rwanda ya Cécile Kayirebwa, GlobeStyle, 1994. Zote mbili ni za wakati IFPI haijaanza au ndiyo inaanza, kwa hiyo msimbo hautakusaidia sana. Tegemea rangi ya fedha, namba ya pete inayolingana na mgongo wa kasha, na kijitabu.