Kadi ya Mawasiliano na Maneno ya Mchoraji Wake

Mkulima mmoja wa Suma, wilayani Rungwe, ambaye pamoja na chai yake ameanza kuuza parachichi, alikwenda Tukuyu kutengenezewa kadi za kuwapa wanunuzi. Kijana mwenye kompyuta alimchorea kadi nzuri, yenye rangi ya kijani kibichi kama shamba la chai baada ya mvua, kisha akamwuliza, "Mzee, hii haina blidi, nikate hivyohivyo?" Mzee alijibu, "Kata tu, mwanangu." Kadi mia mbili zilipokatwa, upande wa kushoto ulibaki na mstari mweupe usiotakiwa, na upande wa kulia tarakimu ya mwisho ya namba ya simu ilikwenda na makapi. Kadi isiyokuwa na namba kamili ya simu ni kipande cha karatasi tu, na fedha zilikuwa zimekwisha kulipwa.

Nimekitaja kisa hiki kwa sababu kosa lake, kwa maoni yangu, ni la lugha kabla ya kuwa la ufundi. Mteja aliulizwa swali la maana kwa neno asilolijua, na heshima ikamzuia kuuliza. Kijana naye hakuwa na neno jingine la kumpa.

Si kwamba kazi ya istilahi za kompyuta haikufanyika. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na baadaye Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya programu zake. Wafasiri wa kazi hizo wanastahili shukrani. Hata hivyo, tafsiri hizo zilimlenga zaidi karani anayeandika barua na kupanga hesabu. Mchoraji wa matangazo na kadi, ambaye aghalabu hutumia CorelDRAW, Photoshop au Illustrator, ameachwa na maneno ya Kiingereza yaliyopachikwa viambishi vya Kiswahili: anadizaini, anakropu, anaeksipoti.

Tuanze na jina la kitu chenyewe. Mjini huitwa bizinesi kadi, na wafasiri huandika kadi ya biashara. Tafsiri hii ni ya neno kwa neno, nayo ina kasoro. Mchungaji, mwalimu mkuu na afisa kilimo wote huwa na kadi hizi, wala hawafanyi biashara. Tena Mtanzania amezoea kulitambua neno kadi kwa kazi yake: kadi ya chama, kadi ya kliniki, kadi ya mchango wa harusi. Kwa kipimo hicho, kadi ya mawasiliano ndilo jina linalosema ukweli.

Neno usanifu lina matatizo zaidi, nami nitakaa nalo kidogo. Tunasema msanifu majengo, na hakuna anayeshangaa. Lakini pia tunasema Kiswahili sanifu na tafsiri sanifu, ambapo maana ni kukubaliwa kuwa kipimo kwa wote. Hivyo "kadi sanifu" yaweza kuwa kadi iliyochorwa kwa ustadi, au kadi iliyo katika vipimo vilivyokubaliwa, yaani milimita 85 kwa 55 zinazotumika katika nchi nyingi. Kwa mchapaji hizi ni habari mbili tofauti kabisa. Wako wanaopendekeza kubuni badala yake, lakini kubuni ni kupata wazo, na wazo laweza kuja mtu akiwa shambani bila kompyuta yoyote. Mimi ningeacha usanifu ubaki kuwa jina la fani, tuseme usanifu wa michoro, na kwa vipimo tuseme wazi kadi ya vipimo vya kawaida. Dizaini itaendelea kusemwa madukani, na sioni haja ya kuipiga vita.

Sasa turudi kwenye blidi. Mfasiri akiliendea neno la Kiingereza kwa kamusi tu ataishia kwenye kutokwa na damu, jambo litakalomtisha mteja bure. Jambo lenyewe ni rahisi. Kisu cha mashine ya kukatia karatasi hakipiti mahali palepale kila mara. Huteleza milimita moja au mbili. Kwa hiyo rangi ya nyuma huvushwa milimita 3 nje ya mstari wa kukata kila upande, na kadi ya 85 kwa 55 huchorwa 91 kwa 61. Kila fundi cherehani analijua jambo hili, kwani hakuna akataye kitambaa sawasawa na kiuno cha mteja bila kuacha cha kushonea. Napendekeza ziada ya ukingo. Lakini neno hilo peke yake lisingeiokoa namba ya mkulima wetu. Namba huokolewa na nafasi ya ndani inayoachwa tupu bila maandishi, na kwa hiyo tunalo neno tayari, pambizo. Ziada iko nje ya mstari, pambizo iko ndani. Kijana wa Tukuyu alichanganya vitu viwili katika neno moja la kigeni, na kwa kweli hakuacha hata kimoja.

Ipo na sababu ya fedha. Karatasi ya A4 huchukua kadi kumi zisizokuwa na ziada. Ukiongeza ziada hubaki nane, au tisa zikisimamishwa wima. Mchapaji anayeibana karatasi hulipitia neno hili haraka, na mteja asiyelielewa hawezi kumbana.

Kuhusu rangi, Kiswahili kina desturi yake nzuri ya kuchukua jina kutoka kwenye kitu: kijani kwa majani, kijivu kwa majivu, kahawia kwa kahawa, zambarau kwa tunda lake. Kioo cha kompyuta huchanganya mianga mitatu, nyekundu, kijani na buluu. Mashine ya chapa huchanganya wino wa aina nne. Ndiyo maana kijani cha chai kilichong'aa kwenye kioo hufifia kwenye karatasi, na mteja hudhani ameibiwa. Wino wa kwanza kati ya hizo nne ukiitwa buluu, tutakuwa tumeizidisha fujo, maana buluu imekwisha kutajwa katika mianga. Samawati inafaa. Majenta ikubaliwe kama ilivyo. Sijaona tunda wala ua lenye jina la kutosha.

Maneno mengine hayahitaji mjadala mrefu. Vekta imekwisha kuingia katika hisabati za shule na mwalimu hatapata taabu kuieleza upya: mchoro unaohifadhiwa kwa hesabu za mistari, ambao waweza kukuzwa kutoka kadi hadi bango bila kuvurugika. Kinyume chake ni picha ya pikseli. Hapa sikubaliani na wanaopenda nukta, kwa kuwa nukta ni alama ya kumalizia sentensi, na pia ni tone la wino, ambalo mchapaji hulihesabu 300 kwa inchi. Kwa upande wa tabaka, neno hili ni zuri mno, ijapokuwa wale tuliosoma siasa za miaka ya sabini hutabasamu tukiambiwa kwamba tabaka la juu limelifunika la chini. Turubai, iwapo mfasiri atalikimbilia kwa ajili ya uwanja wa kuchorea, lisikubaliwe: Rungwe turubai ni la kukingia mvua, na mvua huko ni nyingi. Uwanja watosha.

Limebaki jambo la herufi. Majina mengi ya ukoo ya Wanyakyusa huanza na Mwa- na huwa marefu. Kwenye kadi ya milimita 85 mchoraji hulazimika kuyapunguza ukubwa au kuyabana. Kupunguza ukubwa na kubana nafasi kati ya herufi ni vitendo viwili, lakini madukani vyote huitwa kupunguza fonti. Mteja akisema "punguza", hupewa jina dogo lisilosomeka, ilhali alitaka herufi zisogezwe tu. Kusogeza herufi na kupunguza herufi yaingizwe katika orodha yakiwa yametenganishwa, na orodha hiyo ipelekwe kwanza madukani Tukuyu, ijaribiwe kwa wateja, ndipo irudi kwenye kamati ya istilahi.