Riwaya, Sinema na Lugha ya Nyumbani

Sinema ya Kimalayalam, lugha ya Kerala kusini mwa India, ilianza kusema mwaka 1938 kwa filamu iitwayo Balan. Lakini heshima yake haikutokana na sauti tu, bali na waandishi. Chemmeen (1965) ya Ramu Kariat, iliyotolewa katika riwaya ya Thakazhi Sivasankara Pillai ya 1956, ndiyo filamu ya kwanza ya kusini kutunukiwa Nishani ya Dhahabu ya Rais. Penzi la binti wa mvuvi na mchuuzi Mwislamu lasimuliwa humo kwa miiko ya wavuvi wenyewe.

Kiswahili nacho kimeifuata njia hiyo. Vuta N'kuvute (2021) ya Amil Shivji yatokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, nayo pia ni habari ya penzi lililovuka mipaka ya jamaa, huko Unguja.

Ama Kasulu na Kibondo, je? Mwenyeji wa huko huifahamu filamu ya Kiswahili pasipo mkalimani, na faida hiyo haifai kubezwa. Walakini utani na kilio cha nyumbani kwake ni cha Kiha. Watazamaji wasingekuwa wachache, maana Kiha na Kirundi husikilizana. Kilichopungua ni maandishi: hadithi zi vinywani, vitabu ni haba. Basi atamaniye sinema ya Kiha asianze kwa kununua kamera. Na aanze kwa kalamu, ayaandike masimulizi ya wazee kabla hayajazikwa pamoja nao.