Herufi 500 za Kujieleza: Namna Wasifu wa Uchumba Unavyoandikwa, kwa Mfano wa Ngoingwa

Wasifu wa uchumba, yaani ule ukurasa mfupi wa picha na maneno ambao mtu huuweka kwenye programu ya simu ili watu wasiomjua waamue kama wangependa kuzungumza naye, ni andiko lenye masharti magumu kuliko udogo wake unavyodokeza. Tinder, programu iliyoanza mwaka 2012, humpa mwandishi herufi 500. Bumble, iliyofuata mwaka 2014, humpa 300. Nayo Hinge humtaka mtumiaji ajibu vidokezo vitatu, kila jibu lisizidi herufi 150. Katika nafasi hiyo finyu mtu hutarajiwa kufanya kazi ambayo katika desturi za pwani ilifanywa na mshenga, aliyepeleka posa na kumweleza mposaji mbele ya wazazi wa binti, na ambayo huko bara ilifanywa na jamaa, majirani na waumini wenzake. Mshenga aliweza kuhojiwa, na heshima yake mwenyewe ilikuwa rehani kwa kila neno alilolisema, ilhali wasifu hauhojiwi na hauna mdhamini. Hoja inayofuatwa hapa ni kwamba pengo hilo huzibwa na undani wa mwenendo, yaani mambo madogo ya maisha ya mtu ambayo msomaji anaweza kuyauliza na kuyapima, na kwamba undani wa anwani, ambao waandishi wengi huuchanganya na huo wa kwanza, hauongezi mvuto wowote bali huongeza hatari.

Duara la kilomita na wasomaji wake

Ngoingwa ni mtaa wa makazi wa mji wa Thika, katika Kaunti ya Kiambu, ambako nyumba za watu waliojijengea zimechanganyika na magorofa ya kupangisha. Kwa mwandishi wa wasifu, mahali hapa pana umuhimu wa kiufundi, kwa sababu programu nyingi za uchumba huchagua wasomaji kwa duara la umbali ambalo mtumiaji hulipanga mwenyewe, na duara hilo hupimwa kwa mstari mnyoofu, kama ndege arukavyo, pasipo kujali barabara wala msongamano wa magari. Duara la kilomita 10 lenye kitovu Ngoingwa hushika mji wa Thika wenyewe, pamoja na mitaa ya Makongeni na Landless, na kugusa kingo za Juja. Likipanuliwa hadi kilomita 20 huingiza Juja yote na Ruiru. Na likifika kilomita 50 humeza katikati ya jiji la Nairobi, mji wa Kiambu na hata mji wa Murang'a.

Kila upanuzi wa duara hubadilisha aina ya msomaji. Katika duara dogo wamo wafanyakazi wa viwanda vya Thika, wafanyabiashara wa sokoni na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mount Kenya. Katika duara la kati huongezeka jamii ya Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja. Na katika duara kubwa mwandishi wa Ngoingwa hushindana na maelfu ya wakazi wa Nairobi ambao, kwa mtu wa Westlands au Lang'ata, wako karibu zaidi kuliko yeye. Barabara Kuu ya Thika, iliyozinduliwa mwaka 2012, imerahisisha safari ya kati ya Thika na Nairobi, lakini haijaifuta, na mtu anayerudi kwa matatu jioni hujua kwamba kilomita 40 za ramani hazina uhusiano na saa anayofika nyumbani. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza wa mwandishi hauhusu maneno hata kidogo: ni kuamua anaandika kwa ajili ya nani, na kama yuko tayari kwa uchumba wa nauli ya kwenda na kurudi kila wikendi.

Uamuzi unaofungamana na huo ni wa lugha. Kiingereza cha ofisini, Kiswahili sanifu, Kikuyu na Sheng vyote huonekana kwenye wasifu za ukanda huu, na kila kimoja huwaita wasomaji fulani na kuwaambia wengine wapite. Wasifu ulioandikwa kwa Kikuyu kitupu humhakikishia msomaji mmoja kwamba ataelewana na wazazi, na papo hapo humfungia mlango Mluo au Mkamba aliyehamia Thika kikazi, hata kama mwandishi hakuwa na nia ya kumfungia mtu yeyote.

Mfano wa wasifu, mstari kwa mstari

Ili utaratibu wa uandishi uonekane kwa karibu, umetungwa hapa wasifu wa mfano, usio wa mtu yeyote halisi, katika sura mbili. Sura ya kwanza inafuata mtindo ulioenea: "Mcha Mungu, mnyenyekevu, mchangamfu. Napenda kusafiri, muziki na kucheka. Natafuta mtu makini. Wachezaji na wala nauli wapite." Hakuna uongo unaoonekana katika maneno haya, na huenda yote ni kweli; kasoro yake ni kwamba yanaweza kusemwa na mtu yeyote, mkweli na tapeli kwa urahisi uleule. Mwanauchumi Michael Spence, katika makala yake ya mwaka 1973 kuhusu soko la ajira, alieleza kwamba ishara, yaani jambo ambalo mtu hulionyesha ili wengine wakisie sifa zake zisizoonekana, huwa na thamani pale tu inapokuwa ghali zaidi kwa asiye na sifa hiyo kuliko kwa aliye nayo. Neno "mnyenyekevu" halimgharimu chochote mwenye majivuno, na kwa sababu hiyo msomaji hulipita kama anavyopita tangazo la ukutani.

Sura ya pili inamweleza mtu yuleyule kwa namna nyingine: "Fundi wa stima, miaka 34, upande wa Thika. Jumapili naimba sauti ya tatu kwenye kwaya. Jioni napika githeri, na dada zangu husema chumvi huzidi, jambo ambalo sijalikubali. Nina mtoto mmoja ninayeishi naye. Natafuta mwanamke anayewazia ndoa na asiyesumbuliwa na kelele za nyumba yenye mtoto. Swali la kuanzia: githeri huwekwa viazi, au huko ni kuiharibu?" Wasifu huu haufiki herufi 500, na kila sehemu yake ina kazi. Ucha Mungu uliotajwa katika sura ya kwanza haujaondolewa, ila umegeuzwa kuwa kitendo, kwa kuwa anayeimba sauti ya tatu, ile sauti ya wanaume iliyo juu ya besi, anaweza kuulizwa na mwanakwaya mwenzake wimbo gani humshinda, na asiyewahi kuimba atababaika katika jibu la kwanza. Unyenyekevu nao hautajwi kwa jina, lakini msomaji huuona katika mtu anayeweza kuyaweka hadharani malalamiko ya dada zake kuhusu mapishi yake. Na kule kukataa kwake kukubali kosa huleta utani ambao neno "mchangamfu" lilikuwa limeahidi bila kuutoa.

Sehemu inayofuata, ile ya mtoto, ndiyo ambayo waandishi wengi huiahirisha hadi mazungumzo ya baadaye, kwa hofu kwamba itawafukuza wasomaji. Hofu hiyo ina msingi, lakini hesabu yake si sahihi, kwa kuwa msomaji asiyetaka kulea mtoto wa mwenzake ataondoka vilevile akiambiwa baada ya mwezi, na ataondoka akiwa na kinyongo cha kufichwa, ilhali yule ambaye jambo hilo halimsumbui, au ambaye naye ni mzazi, hupata sababu ya kuandika siku hiyohiyo. Ikumbukwe kwamba wasifu hautafuti wasomaji wengi kadiri iwezekanavyo. Unatafuta wachache wanaofaa, na kila sentensi ya kweli inayompunguza asiyefaa imempunguzia mwandishi kazi.

Kuhusu uwiano wa mambo, uchunguzi wa tafiti za awali uliofanywa na Khalid Khan na Sameer Chaudhry na kuchapishwa mwaka 2015 ulipendekeza kwamba takriban asilimia 70 ya maelezo imhusu mwandishi mwenyewe na asilimia 30 imhusu mtu anayemtafuta. Sura ya pili ya mfano inakaribia kipimo hicho, na tena inamweleza anayetafutwa kwa anachokitaka na kukivumilia, si kwa orodha ya makatazo. Ile sentensi ya "wachezaji na wala nauli wapite" ina historia yake nchini Kenya, ambako kula nauli ni kutumiwa pesa za safari kwa M-Pesa kisha kuzima simu, na malalamiko ya waliotendewa hivyo ni ya haki. Lakini sentensi hiyo haimzuii mla nauli, ambaye hajioni kuwa ndiye anayesemwa, bali humfikia msomaji mwema, ambaye hukaribishwa kwa shutuma kabla hajasema neno.

Swali la mwisho la mfano ndilo kiungo cha andiko zima. Msomaji aliyependezwa hukabiliwa na ugumu wa kuanza, na mara nyingi huishia kuandika salamu ya neno moja isiyojibika. Mzozo wa viazi katika githeri, chakula cha mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ambao kila nyumba ya Kiambu ina upande wake, humpa cha kusema bila kumtaka awe na ufasaha, na jibu lake, liwe la mzaha au la ukali, humfunulia mwandishi tabia yake mapema.

Picha na ukweli

Maneno husomwa baada ya picha, na katika programu za kutelezesha kidole, ambapo msomaji hupeleka picha kulia akiipenda na kushoto akiikataa, picha ya kwanza huamua kama maneno yatasomwa kabisa. Inafaa iwe ya mtu mmoja, uso ukiwa wazi katika mwanga wa mchana, bila miwani ya jua, kwa kuwa picha ya kundi humlazimisha msomaji kubahatisha mhusika ni yupi. Picha zinazofuata zifanye kazi ileile ya maneno, yaani kuonyesha mwenendo: fundi akiwa na vifaa vyake hueleza zaidi kuliko fundi akiwa ameegemea gari lisilo lake.

Swali la kiasi gani mtu ajipambe limepimwa kitaalamu. Catalina Toma, Jeffrey Hancock na Nicole Ellison, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, waliwapima watu 80 wa New York urefu na uzito, wakakagua umri wao kwenye leseni za udereva, kisha wakalinganisha na wasifu zao. Asilimia 81 walikuwa wamepotoka katika angalau kimojawapo cha vipimo hivyo vitatu, ingawa kwa kawaida tofauti ilikuwa ndogo. Udogo huo una maana, kwani anayetarajia kukutana na msomaji uso kwa uso hujua kwamba uongo mkubwa utaanguka siku ya kwanza. Anayekwenda mbali zaidi na kutumia utambulisho wa mtu mwingine kwa udanganyifu hutoka katika uwanja wa mapambo na kuingia katika uwanja wa jinai, chini ya Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018.

Mpaka wa undani

Ushauri wa kuandika mambo mahususi una mpaka, na mpaka huo ni mahali. Kampuni ya usalama ya Include Security ilieleza mwezi Februari 2014 kwamba Tinder ilikuwa ikituma kwa simu umbali sahihi mno kati ya watumiaji, kiasi kwamba mtu angeweza kupima umbali wa mlengwa kutoka sehemu tatu tofauti, achore maduara matatu, na kumpata pale maduara hayo yanapokatana. Kasoro hiyo ilirekebishwa, lakini kanuni yake inabaki katika usomaji wa kawaida, kwani taarifa tatu ndogo zisizo na madhara zikiwa moja moja zinaweza kukutana kwenye lango moja. Aliyeandika jina la kanisa, akapiga picha mbele ya ploti yenye rangi ya pekee, na kutaja kwamba hutoka kazini saa mbili usiku, amemwelekeza mgeni hadi mlangoni bila kukusudia.

Hatari ya wageni wa mtandaoni haikubaki ya nadharia kwa wakazi wa ukanda huu. Mwezi Januari 2024 wanawake wawili waliuawa katika nyumba za kukodi za muda mfupi jijini Nairobi, mmoja wao akiwa mwanafunzi aliyeuawa Roysambu, kando ya barabara hiyohiyo ya Thika, na mauaji hayo yakazua mjadala mpana kuhusu kukutana na watu waliofahamika mtandaoni, kabla ya maelfu kuandamana tarehe 27 mwezi huo kupinga mauaji ya wanawake. Katika wasifu wa mfano, "upande wa Thika" imetosha badala ya Ngoingwa, kwaya imetajwa bila kanisa, na mtoto ametajwa bila jina, umri, shule wala picha; na hakuna mvuto uliopotea, kwa kuwa msomaji hakuwa akivutiwa na jina la kanisa. Busara hiyohiyo huelekeza kwamba mkutano wa kwanza ufanyike mchana, mahali penye watu, kama vile bustani za hoteli ya Blue Post zinazotazama maporomoko ya mto Chania, na kwamba kila mmoja ajilipie nauli yake, jambo linalomaliza pia ule ugomvi wa wala nauli.

Mwandishi anayerekebisha wasifu wake anaweza basi kuipitisha kila sentensi kwenye maswali mawili. La kwanza ni kama jirani wa mlango wa pili angeweza kuiandika sentensi hiyohiyo kujihusu. Akiweza, iondolewe au igeuzwe kuwa kitendo. La pili ni kama sentensi hiyo, ikiunganishwa na nyingine, ingemwezesha mtu asiyealikwa kufika nyumbani. Ikiwa ndivyo, iondolewe hata kama ndiyo nzuri kuliko zote. Zinazobaki baada ya maswali hayo mara nyingi ni sentensi nne au tano, nazo huenea vizuri ndani ya herufi 500.