Amri ya Kumlinda Mke: Miezi 12 au Mpaka Dhulma Iondoke?

Waislamu wengi wa Malaysia hufuata madhehebu ya Imam Shafi'i, kama walivyo wengi wa pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1994 bunge la nchi hiyo lilipitisha Sheria ya Ukatili wa Majumbani, inayowahusu Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Mahakama humkataza mume mpigaji asimdhuru mkewe, na huweza kumzuia asimkaribie. Amri hiyo haizidi miezi 12, nayo huweza kuongezwa kwa miezi mingine isiyozidi 12.

Asili ya sheria hii tunaiunga mkono. Kuzuia dhulma ni wajibu wa kadhi, na mke aliyekimbia kipigo kwa kuihofia nafsi yake si nashiza. Tunachokihoji ni muda.

Katika mlango wa nushuzi, wanazuoni wa Kishafi'i wamenakili kutoka kwa Imam Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria) kwamba mume dhalimu hutenganishwa na mkewe mpaka arejee kwenye uadilifu. Wala haitegemewi kauli yake mwenyewe kuwa ametengenea, bali kauli ya mke na ushahidi wa hali (qarain). Hapa tunapata mambo mawili. Kwanza, kikomo ni kuondoka kwa dhulma, si tarehe; hukumu huzunguka pamoja na illa yake. Pili, mke halazimiki kuthibitisha upya dhulma iliyokwisha thibiti. Yakini haiondoki kwa shaka.

Muda wa miezi 12 umeugeuza mzigo huo. Siku zikikaribia kwisha, mke ndiye anayerudi mahakamani kuomba, ilhali mume hutosheka kungoja.

Itasemwa kuwa amri isiyo na tarehe itamdhulumu mume aliyetubu na kuwatenga watoto na baba yao. Hoja hii ina uzito, lakini dawa yake ni kumfungulia mume mlango wa kuomba amri iondolewe, alete ushahidi, na kadhi amsikilize mke. Na ikiwa dhulma haikomi, mke asiachwe akining'inia: waitwe mahakimu wawili kama ilivyoamrishwa (Qur'an 4:35), au ndoa ivunjwe kwa njia zake za kisheria.

Basi nanyi maimamu, mnapoletewa sulhu, msiulize tu imepita miezi mingapi. Ulizeni ni kipi kilichobadilika, na jibu mlisikie kwa mke, faragha, bila ya mume kuwepo.

Wallahu a'lam.