Shemeji Aliyesahau Hatua

Utotoni kwetu Chekereni, mieleka ilianzia kwenye banda la video na kumalizikia kwenye lundo la pumba nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Mkanda ukiisha tulikimbilia pale, tukabebana juujuu na kubwagana. Makofi yote alipewa aliyebwaga. Aliyebwagwa alijikung'uta pumba na kupanga foleni tena.

Siku hizi mechi zilezile nazirudia kwenye simu, usiku, nikisubiri zamu ya maji mferejini. Ninayoirudia kuliko zote ni ya tarehe 29 Agosti 1992, Uwanja wa Wembley, London, mbele ya watu karibu 80,000. Bret Hart, Mkanada, anatetea mkanda wa Intercontinental dhidi ya Davey Boy Smith, yule British Bulldog. Smith yuko nyumbani Uingereza, na tena amemwoa Diana, dada yake Hart. Mtu na shemeji yake ulingoni.

Najua, mshindi hupangwa kabla kengele haijalia. Wengi wakishalijua hilo huzima. Mimi ndipo ninapokaa vizuri, kwa sababu macho yasiyohangaika na matokeo hupata nafasi ya kutazama kazi.

Baadaye Hart alisimulia kwamba mechi ilikuwa changa bado Smith aliposahau karibu kila walichopanga, ikabidi yeye amwongoze hatua kwa hatua mpaka mwisho. Tangu nilipolijua hilo, kila kabari naitazama upya. Uso wa Hart unapozama shingoni kwa mwenzake, uwanja unaona mtu anakabwa. Mimi najiuliza anaambiwa nini.

Kisha natazama maanguko. Fundi hukunja kidevu kifuani, akashusha pumzi, akaipokea sakafu kwa mgongo mpana na viganja, kisogo kikabaki salama. Hart aliongeza lake: akirushwa kwenye kona, hakugeuka kupokea kwa mgongo kama wengi, alikwenda kifua mbele, ulingo mzima ukatikisika. Na Smith anapomnyanyua juu, miguu juu kichwa chini, tazama miguu ya anayenyanyuliwa: naye anaruka. Nguvu za Smith ni za kweli, lakini ujabali wake nusu amekopeshwa na shemeji.

Wazee wa majaruba wana jicho la namna hii. Tangu mradi wa umwagiliaji uliojengwa kwa msaada wa Japani ukamilike mwaka 1987, watu hapa wanajua kwamba mpunga uliosimama sawasawa ni sifa ya aliyesawazisha tope kabla ya kupandikiza. Siku ya mavuno tope hilo halionekani.

Mechi inakwenda dakika 25 hivi. Karibu na mwisho wote wawili wako chini, hoi. Hart, akiwa bado amelala, anaisokota miguu ya Smith kwa miguu yake, anajigeuza, tayari kamfunga kwa mtindo wake maarufu wa Sharpshooter. Smith anajiburuta mpaka kwenye kamba. Muda mfupi baadaye Hart anajaribu kumbinua. Smith anamkalia na kumbana miguu. Moja, mbili, tatu. Wembley inalipuka. Hart ananuna kidogo, kisha wanakumbatiana, na Diana katikati yao. Aliyeiendesha mechi nzima anaondoka bila mkanda.

Kwenye lundo letu la pumba alikuwepo kijana mmoja mwembamba ambaye kila mtu alitaka kumbwaga yeye. Tulidhani ni kwa sababu ya udhaifu wake. Leo nakumbuka vizuri zaidi: akibwagwa yeye, kila mmoja wetu alionekana bingwa, na sikumbuki hata siku moja alipoinuka akilia.